Feni Ilikuwa Inazunguka

Mzee Marko alikufa siku ya Jumanne, saa tisa na robo alasiri, akiwa amelala kitandani kwake mwenyewe. Kitanda hicho kilikuwa ndani ya gari, na gari lilikuwa limesimama kando ya barabara ya kutoka Haneti likifoka mvuke, na hospitali ilikuwa bado mbali. Ulikuwa mwezi wa kumi, wakati Ugogo yote haina jani wala wingu, na jua linawaka kama lina kisa na watu.

Bintiye Hilda alipata habari saa kumi kasoro robo, akiwa Chimwaga, amechuchumaa kwenye pampu ya maji ya hosteli moja ya wanafunzi. Aliyepiga simu alikuwa baba yake mdogo, Abeli. Hakumsalimia. Hakumwambia akae chini kwanza, wala hakuizungusha habari jinsi watu wanavyozungusha habari ya msiba. Alisema, "Ile feni yako imemuua kaka yangu," kisha akakata.

Toka hapo mpaka maziko Hilda hakulia. Wanawake wakanong'onezana kwamba yule binti ana moyo wa chuma, ndiyo maana anashika spana. Machozi yalikuwepo. Ila hasira ilikuwa imekaa mlangoni, hayakupata pa kupita.

Gari lenyewe nyumbani kwao Nkuhungu waliliita Nyumba. Lilikuwa la Kijerumani, la zamani, usukani kushoto, na ndani yake lilikuwa na kitanda, jiko la plati mbili, sinki na kabati. Wazungu wawili, mume na mke, walitoka nalo kwao wakikusudia kufika mwisho wa Afrika. Likawaharibikia Dodoma, wakachoka nalo, wakamwachia fundi aliyekuwa akihangaika nalo. Fundi huyo alikuwa Marko. Kwa miaka kumi na saba alizunguka nalo vijijini akitengeneza mashine za kusaga na pampu za visima. Alilala humo, alipika humo, na spana zake aliziosha kwenye sinki. Mkewe, Penina, alizoea kuwaambia wageni kwamba mume wake ana nyumba ndogo, na kila mtu mjini ameshaiona.

Ugonjwa wa Nyumba ulikuwa mmoja tu: kuchemsha. Na dawa yake, kama ilivyo kwa magari mengi makuukuu ya mji ule, ilikuwa swichi. Feni ya rejeta imeundwa kuwaka yenyewe maji ya injini yakipata moto, na kuzima yenyewe yakipoa. Kikiharibika kitu hapo katikati, mafundi wengi hawasumbuki kukitafuta. Wanavuta waya mpaka kwenye dashibodi, wanafunga swichi ya taa ya chumbani, na dereva anaambiwa, "Ukiona mshale unapanda, washa." Marko aliendesha na swichi hiyo miaka kumi.

Jumapili, siku mbili kabla ya kifo chake, Hilda ndiye aliyeing'oa.

"Siku utakayosahau kuiwasha, Baba, utaua injini," alimwambia.

"Sijasahau miaka kumi."

"Miaka kumi ulikuwa unauona mshale."

Hapo ndipo palipoharibika. Macho ya Marko yalikuwa yameingia ukungu mweupe, na kila mtu pale nyumbani alijua, na hakuna aliyelitaja. Skrubu alikuwa akizitafuta kwa ncha ya kidole. Barabara alikuwa akiijua kwa mazoea. Hilda alifunga rilei mpya, kidude kinachopitisha umeme wa feni, na sensa mpya ya kupima joto kwenye rejeta, akachomelea kila kiungo kwa risasi, akajaribu, feni ikawaka yenyewe na kuzima yenyewe. Kisha, mbele ya wageni wawili waliokuwa wanakunywa chai, akamwambia baba yake asiguse usukani tena mpaka aonwe na daktari wa macho.

Marko aliweka kikombe chini taratibu. "Rudi kwako Chimwaga," alisema. "Ukihitajika utaitwa."

Hilda akaondoka bila kuaga. Jumatatu baba yake akapiga simu mara mbili. Aliiona ikilia mara zote mbili, akaiacha ilie. Alitaka baba naye aonje kidogo.

Jumanne asubuhi Marko aliendesha Nyumba peke yake mpaka Haneti, kijijini kwao, kutengeneza mashine ya kusaga. Mchana kifua kikambana. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwisha kutoka na mama wa kujifungua, kwa hiyo Abeli, ambaye alikuwa dereva wa malori kabla hajarudi kulima, akamlaza kaka yake kitandani mle mle garini na kushika usukani. Nyumba ikachemsha mara ya kwanza. Akasubiri, akajaza maji, akaenda. Ikachemsha mara ya pili. Hapo ndipo Marko alipoishia.

Walimzika Haneti. Baada ya kaburi kufukiwa, mbele ya wazee wa ukoo, Abeli alisema kwamba feni haikufanya kazi. Alisema kaka yake alikuwa na swichi yake nzuri, swichi ambayo mtu yeyote angeiwasha, binti akaja na mambo yake ya chuoni akaing'oa. "Mkono uliong'oa ile swichi," akasema, "hautashika spana za kaka yangu."

Hakuna aliyempinga. Penina alikuwa ameinamisha kichwa. Ikakubaliwa kwamba matanga yaanuliwe Jumamosi ya wiki iliyofuata, nyumbani Nkuhungu, na siku hiyo ndipo ukoo utakaposema Nyumba na vyombo vya kazi viende wapi.

Vyombo Hilda angeweza kuvikosa akaishi. Kilichomla usiku na mchana ni kwamba huenda Abeli alikuwa anasema kweli.

Jumatatu akavaa ovaroli juu ya nguo ya msiba, akafungua boneti ya Nyumba, iliyokuwa imevutwa kutoka njiani mpaka pale uwanjani Nkuhungu. Waombolezaji wachache waliobaki walikuwa wamekaa kwenye mikeka upande wa pili wa uwanja. Shangazi mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Hata arobaini haijafika." Hilda akajifanya hakusikia. Akaanza pale Abeli alipomwambia aanze: feni haikufanya kazi.

Fyuzi ilikuwa nzima. Akaitoa hata hivyo, akaisugua miguu yake kwa msasa, akairudisha. Akachukua taa ya kupimia, akagusa waya wa betri kwenye rilei, taa ikawaka. Akagusa rilei yenyewe kwa kidole huku akiunganisha nyaya za sensa. Ikagonga, tak, na nyuma ya rejeta feni ikanguruma. Umeme ulikuwa unafika. Akakagua risasi zake, moja baada ya moja, akizivuta kwa nguvu kuliko inavyohitajika, karibu akitamani moja ikatike ili ajue. Hazikukatika.

Ikabaki sensa. Kama sensa ilikuwa haisikii moto, basi feni isingewaka njiani, na sensa aliifunga yeye kwa mkono wake.

Jumanne asubuhi akaifungua kwenye rejeta, akaenda nayo jikoni uani, mahali ambapo sufuria la chai ya msiba lilikuwa kwenye mafiga. Akateka maji kwenye kisufuria kidogo, akasogeza sufuria kubwa pembeni, akatumbukiza sensa, nyaya zake zikiwa zimefungwa kwenye taa na betri ya pikipiki.

"Unapika nini?" akauliza Penina.

"Sensa."

"Watu wanasubiri chai, wewe unachemsha vyuma?"

"Mama, niache."

"Nimekuacha toka Jumapili ile. Nani aliyekwambia umseme baba yako macho mbele ya wageni?"

"Na wewe ulikuwa unayaona macho yale kila siku. Ulinyamaza ili iweje?"

Penina alimtazama bintiye, kisha akatazama kisufuria. Vipovu vilikuwa vinaanza kupanda toka chini, na kabla maji hayajatokota sawasawa, taa ikawaka. Hilda akakitoa kisufuria motoni. Baada ya muda taa ikazima. Akarudisha, ikawaka. Alifanya hivyo mara nne. Mara ya nne shangazi akachukua sufuria lake kubwa akalirudisha mafigani kwa kishindo.

Sensa ilikuwa nzima. Kila kitu alichokigusa Hilda kilikuwa kizima. Alipaswa kufurahi, lakini furaha hiyo haikuja, kwa sababu alirudisha sensa, akajaza maji, akawasha injini ya Nyumba pale uwanjani saa saba mchana, akakaa kwenye usukani akiutazama mshale. Mshale ukapanda. Rilei ikagonga. Feni ikawaka yenyewe kama ilivyotakiwa. Na mshale ukaendelea kupanda. Ukapita katikati, ukafika kwenye alama nyekundu, na mvuke ukaanza kutoka kifunikoni. Akazima injini. Akashuka, akaitupa spana namba kumi na tatu ukutani, ikaacha kovu kwenye plasta.

Jumatano akaifanya kazi yote upya. Alitoa hewa kwenye mipira ya maji. Akapitisha maji ya bomba kwenye rejeta mpaka yakatoka meupe upande wa pili. Mkanda wa pampu ya maji ulikuwa umekaza. Akawasha tena, feni ikawaka tena, maji yakachemka tena. Siku tatu hizo hakula cha maana. Kila alipoinama juu ya injini alimsikia Abeli masikioni, na kila alipomsikia alimchukia zaidi, na kila alipomchukia zaidi alikumbuka kwamba hajapata kitu cha kumjibu.

Alhamisi Abeli akafika kutoka Haneti na gunia la mtama kwa ajili ya Jumamosi. Penina na wanawake wengine wakalipokea, wakaanza kuupepeta pale pale uwanjani. Abeli akasimama mbali kidogo na gari, mikono nyuma.

"Shikamoo, baba mdogo," akasema Hilda bila kuinua kichwa.

"Marahaba. Naambiwa unachemsha vyuma jikoni."

"Naambiwa na mimi kwamba nimeua mtu."

Abeli akakohoa. "Mimi nilisema nilichokiona."

"Uliona nini? Niambie kama unavyomwambia fundi. Ulifungua boneti?"

"Nilifungua."

"Feni ilikuwa inafanya nini?"

"Ilikuwa inazunguka."

Hilda akanyanyuka. Alikuwa na grisi mpaka kwenye nyusi. "Inazunguka?"

"Inazunguka, kelele tupu. Inazunguka na maji yanachemka."

"Kule makaburini ulisema haikufanya kazi."

"Sasa hiyo ndiyo kazi? Ingekuwa inafanya kazi maji yangechemka?"

"Baba mdogo, nimekaa siku tatu natafuta kwa nini feni haikuwaka. Siku tatu. Nimefungua kila waya. Sili. Na wewe uliiona inazunguka kwa macho yako?"

"Usinipandishie sauti."

"Nani aliyeanza kupandisha? Mimi nilipigiwa simu, sikuambiwa hata pole."

Nyungo za wanawake zikasimama. Hilda akaona akibaki pale atasema neno ambalo halirudishwi, akaingia garini, akawasha injini. Kama ni kuchemka, ichemke mbele yake, aione, wote waione. Akaiacha ingurume. Abeli akasogea, akainama kutazama chini ya boneti. Mshale ukapanda, rilei ikagonga, feni ikawaka.

"Ndiyo hivi hivi," akasema Abeli. "Hivi hivi ilivyokuwa."

Dakika mbili hazikupita, Penina akapaza sauti kutoka mbele ya gari, ungo mkononi. "Zima hilo lidude. Linanirudishia makapi usoni."

"Sogea, Mama."

"Nisogee wapi? Toka asubuhi upepo unatoka nyuma yangu, makapi yanakwenda vizuri. Mmewasha hilo, yananirudia. Na vumbi la moto juu."

Hilda alikuwa amefungua kinywa kumjibu. Akakifunga. Akashuka taratibu, akaenda mbele ya gari, akaweka kiganja mbele ya wavu wa rejeta. Upepo wa moto ukampiga mkononi.

Akauacha mkono pale mpaka ukauma.

"Baba mdogo, njoo uweke mkono hapa."

Abeli akaweka. Akautoa haraka.

"Feni hii iko nyuma ya rejeta," akasema Hilda. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na kushuka huko kulikuwa kubaya kuliko kelele. "Kazi yake ni kuvuta. Inavuta hewa baridi toka mbele, ipite kwenye rejeta, iende nyuma. Hii inapuliza. Inachukua moto wa injini inaurudisha kwenye rejeta, na gari likitembea upepo wa njiani unaingia, yenyewe inausukuma utoke. Inazunguka kinyumenyume."

"Asubuhi alikuja nayo Haneti haikuchemsha."

"Asubuhi kulikuwa na baridi na gari halikupandisha mlima. Feni haikuwaka kabisa. Hata mchana ule, ingekuwa haina feni ingefika."

Mota ya feni ya namna ile haina akili. Ukiipa nyaya kinyume, inazunguka kinyume, kwa nguvu ile ile na kelele ile ile. Hilda alijua hilo. Alijua pia kwamba Jumapili hakuigusa mota. Akamwaga maji, akafungua rejeta yote, akaitoa na kuiegemeza ukutani. Nyuma yake palikuwa na feni, na nyuma ya feni palikuwa na mota asiyoijua. Ile ya zamani ilikuwa na kutu na herufi za Kijerumani. Hii ilikuwa ndogo kidogo, imepakwa rangi ya fedha, na nyaya zake mbili zote zilikuwa nyeusi. Zilikuwa zimeunganishwa na nyaya za gari, wa bluu na wa kahawia, na viungo vilikuwa vimezungushiwa ukanda mwembamba wa tyubu ya baiskeli, umevutwa ukakaza, na ncha yake imepitishwa chini ya mzunguko wa mwisho ikafichwa.

Marko hakutumia utepe wa dukani maisha yake yote. Alisema gundi yake inayeyuka kwa joto la Dodoma. Mjini mafundi wanaofunga kwa tyubu ni wengi, lakini wanaoificha ncha namna ile Hilda alikuwa anamjua mmoja.

Abeli naye aliuona. Akainama, akaugusa kwa kidole.

"Hiyo ni kazi ya kaka," akasema.

Hasira ya Hilda, ambayo kwa siku tisa ilikuwa inakwenda Haneti na kurudi, ikasimama. Akawa hajui aipeleke wapi. Akanawa mikono, akaita bodaboda, akaenda Majengo, baba yake alikozoea kununua vipuri.

Mudrick alikuwa anauza mota, dinamo na feni zilizotumika, kwenye kibanda nyuma ya maduka ya nafaka. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Alipomwona Hilda alisimama.

"Dada Hilda. Pole sana. Msibani nilikuja, sikukuona karibu."

"Asante, kaka. Baba alinunua mota hapa?"

"Jumatatu. Alisema ile ya zamani inalia kama mbuzi. Hakutaka kwenda nayo safari hivyo."

"Nyaya zote nyeusi."

"Nyeusi, ila mmoja una mstari wa bluu uliofifia. Zilitoka kwenye gari lingine, mtu alishakata plagi." Mudrick akavua miwani. "Nilimwambia. Nilimwambia, mzee, usifunge kabla hujaweka kwenye betri ukaona upepo unakwenda wapi. Akaniuliza, wewe ulinikuta fundi au hukunikuta?"

"Ungempimia wewe."

"Nilitaka. Akasema hapana, hii kazi ya binti yangu, sitaki aseme nimechanganya nyaya zake. Akasimama pale, pale kwenye tanuri la yule mama wa mihogo, akakupigia simu. Haikupokelewa. Akakaa, akanywa kahawa, akapiga tena." Mudrick akatazama pembeni. "Kisha akasema, ana kazi nyingi, nitaifunga mwenyewe, bluu ni bluu."

Mstari uliofifia kwenye waya mweusi, kwa macho yale, kwenye kivuli cha injini. Hilda akasimama kati ya madumu ya oili na mota zilizopangwa chini. Akahisi anataka kumpiga mtu. Alitaka kumpiga baba yake. Alitaka amkamate bega, amtikise, amuulize ni fahari gani hii ya mtu mzima kushindwa kusema "sioni". Na alipomaliza kumuuliza, alitaka atokee mtu wa kumtikisa yeye, amuulize ni fahari gani ya kutopokea simu.

Alirudi jua likizama. Abeli alikuwa anamsubiri getini.

"Nimefikiri," akasema. "Jumamosi tutasema feni ilikuwa mbovu. Basi. Vyombo vya chuma vinakufa, hakuna mwenye kosa. Mimi nitasema nimekusamehe."

"Umenisamehe nini?"

"Hilda. Marehemu hasemwi. Kaka alikuwa fundi wa watu wote kule. Leo tusimame mbele ya mchungaji na wazee tuseme alifunga waya kinyume kwa sababu alikuwa haoni? Tumzike mara ya pili?"

"Kwa hiyo marehemu hasemwi. Aliye hai anasemwa."

"Nimesema nimekusamehe."

"Sikuombi msamaha wako, baba mdogo. Ulinisema makaburini, kabla udongo haujakauka. Hukusubiri hata turudi nyumbani. Ulikuwa na haraka ya nini? Ulikuwa unakimbia nini?"

Abeli akasogea pembeni, akampisha apite.

Ijumaa Hilda alibadilisha zile nyaya. Alitaka kukata ule ukanda wa tyubu kwa kisu, mikono ikakataa. Akaufungua polepole kwa kucha. Kazi ya dakika kumi ikachukua saa nzima. Bluu akaipeleka kwenye waya wa kushoto, kahawia wa kulia, akaijaribu kwa betri. Gazeti aliloliweka mbele likavutwa likanata kwenye wavu. Akarudisha rejeta, akawasha injini, akaketi mle ndani. Mshale ukapanda, feni ikawaka, mshale ukashuka, feni ikazima. Akaiacha ifanye hivyo mara kadhaa.

Jumamosi watu wakajaa. Mchungaji aliomba, wakaimba, wakala. Mzee mmoja wa Haneti, mkubwa wa ukoo, akasalimu watu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," wakaitika, akasema sasa yaje mambo ya marehemu. Abeli akainuka, akaanza kusema kwamba feni ilikuwa mbovu, vyombo vya chuma vinakufa, na yeye moyoni hana neno tena na mtoto wa kaka yake.

Hilda akasimama. Wanawake hawakuzoea kusimama sehemu hiyo, na shangazi akamvuta kanga. Hakukaa.

"Feni haikuwa mbovu," akasema. "Ilifungwa kinyume. Aliyeifunga ni baba, Jumatatu, kwa sababu alikuwa haoni. Wote humu mlijua haoni. Mama alijua. Baba mdogo alijua. Mashine zenu aliwatengenezea kwa kupapasa na mlijua." Minong'ono ikaanza, akapandisha sauti juu yake. "Mimi nilijua, na nikamwambia vibaya, mbele ya watu. Jumatatu akanipigia simu mara mbili nije nimpimie ile mota. Niliiona simu. Sikupokea, kwa kuwa nilikuwa na hasira. Kama ningepokea ningeifunga mimi, na gari lisingechemsha. Hilo ndilo kosa langu. La swichi si langu, na silichukui."

Akakaa.

Penina alianza kulia, kwa mara ya kwanza bila kujificha, na katikati ya kilio akasema, "Nilikuwa namchambulia mchele ili asijue kwamba nimejua."

Abeli alikuwa bado amesimama. Alikuwa amejishika kwenye kiti cha mbele yake. Mkubwa wa ukoo akamwambia akae, akatikisa kichwa.

"Kuna lori lilisimama," akasema. "Pale tulipochemsha mara ya kwanza. Lori la mahindi, linakuja mjini. Dereva akasema tumpandishe mgonjwa mbele, atamfikisha. Kaka akakataa. Alisema hawezi kuiacha Nyumba porini, wataifungua vyuma vyote. Akaniambia, Abeli, itapoa sasa hivi. Nikamsikiliza. Mtu anakufa, nikamsikiliza kuhusu gari. Lori likaondoka. Nilikuwa naliona linavyopungua. Nilipompigia mtoto huyu simu, nilikuwa nimesimama barabarani nalitafuta lile lori."

Hakusema samahani. Hilda alimtazama akisubiri neno hilo, halikuja, na yeye pia hakulitoa lake. Alimchukia kidogo pungufu kuliko jana. Na baba yake, Hilda alimchukia vile vile, na kumtamani vile vile, na hayo mawili yalikuwa hayapunguzani.

Mkubwa wa ukoo alisema maneno machache, ya kawaida. Spana zikaenda kwa Hilda. Nyumba ikabaki ya Penina, ifanye kazi iliyokuwa ikifanya, kwa kuwa vijiji vile havina fundi mwingine na mashine za watu zimelala. Ikaulizwa nani ataendesha. Hilda hana leseni. Abeli anayo.

Sasa Nyumba inakwenda Haneti kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, kunapokucha. Abeli anakaa kushoto kwenye usukani, Hilda kulia. Kutoka Nkuhungu mpaka Haneti hawazungumzi.